Krismasi ya Marangu: tulivyowachagulia babu na bibi zawadi, na nini kilitumika kweli

Nakiandika hiki kisa kirefu kwa sababu kila Novemba ikifika, kwenye magrupu ya familia swali ni lile lile, jamani wazee tunawapelekea nini, na majibu nayo hayabadiliki, blanketi, kitenge, sukari kilo tano, mchele, imeisha hiyo. Kwetu Wachagga Desemba ndo mwezi wa kupanda nyumbani Kilimanjaro, anayeishi Dar anapanda, wa Mwanza anapanda, wa Arusha ndo kabisa hana kisingizio, kwa hiyo swali la zawadi linawaka kila mwaka na linajibiwa haraka haraka stendi mtu akiwa ameshashika tiketi. Safari iliyopita sisi wajukuu tuliamua tulifanye vizuri, na mimi ndo nilikuwa nakusanya hela na kuandika orodha, kwa hiyo nayakumbuka mengi.

Hali ilikuwa hivi. Babu ana miaka 84, ana presha ya muda mrefu, anatumia dawa, akili iko timamu kabisa na shamba bado anaingia kila asubuhi hata kama ni kusimama tu na kuangalia. Bibi 79, ana kisukari, magoti yanamsumbua, na jicho la kulia limeanza kuwa na ukungu. Wanakaa kwenye kihamba chao, yaani lile shamba la ukoo lenye nyumba ndani, huko Marangu, unapita Mtoni unapanda, nyumba iko katikati ya migomba na kahawa, choo kiko nje nyuma ya nyumba, kuna kamteremko hapo ka udongo mwekundu ambao mvua ikinyesha unateleza vibaya mno. Shangazi yetu anaishi kihamba cha jirani, na yupo binti mmoja anayesaidia kazi za ndani. Sisi wajukuu tumesambaa, wengi Dar, wawili Arusha, mmoja Mwanza, na binamu mmoja yuko Marekani. Tulichanga tukafikisha laki nane na nusu. Sio hela ndogo ila ukiigawa kwa wazee wawili na mahitaji yao inaisha upesi sana ukinunua kwa mazoea.

Sasa kitu cha kwanza kilichobadilisha mawazo yetu ni sanduku la bibi. Dada yangu alikuwa amepanda mwezi wa nane kwenye msiba, bibi akamwambia amtolee shuka kwenye sanduku, akakuta mablanketi saba, saba, mengine bado yako kwenye yale mafuko yake ya nailoni yenye zipu, hayajawahi kufunguliwa. Na ukifikiria inaeleweka kabisa yametoka wapi. Orodha ya mahari huku kwetu haikosi blanketi la babu na shuka la bibi, na wajukuu wa kike wanne wameshaolewa, hapo umeshapata manne, halafu kila Krismasi kuna mtu anawaza mlimani kuna baridi basi wazee watakuwa wanahitaji blanketi. Baridi kali ya Marangu ni Juni na Julai, Desemba usiku unajifunika la kawaida unalala. Vitenge hivyo hivyo, doti zimekunjwa zinanukia nafthalini. Bibi havai vipya, anasema anavitunzia siku maalumu, na siku maalumu yenyewe ikifika anavaa kile kile cha kanisani alichokizoea.

Mi naona hapa ndo penye kiini cha jambo lote. Wazee wetu wakiulizwa mnahitaji nini jibu ni moja, sisi tumeridhika wanangu, njooni tu tuwaone. Wanamaanisha kweli, sio kwamba wanazunguka. Ila ukiishia hapo unabaki kubahatisha, na anayebahatisha ananunua blanketi. Kwa hiyo hatukuwauliza tena. Tulimpigia shangazi, na hatukumuuliza wanahitaji nini maana naye angesema sukari na mafuta, tulimwomba atusimulie siku yao nzima tangu wanaamka mpaka wanalala, wanakaa wapi, wanashika nini, wapi wanasimama wakishikilia ukuta. Simu ile ilikuwa ndefu, mtu wa Arusha alikuwa anaandika.

Yaliyotoka humo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa anayajua, na tunaenda kila mwaka. Babu usiku anaamka mara tatu mara nne kwenda haja ndogo, anatoka nje gizani na kile kitochi cha simu, anashuka kale kamteremko, na mwezi wa kumi alianguka akaumia kiwiko akamkataza shangazi asituambie. Bibi anapikia kwenye kigoda, kile kifupi kabisa, na kukaa sio shida, shida ni kuinuka, anamwita binti amvute mkono, binti akiwa ameenda dukani bibi anabaki amekaa pale moshi unamla. Anavaa ndala za kuteleza na miguu imeanza ganzi. Redio ya babu imekufa tangu Pasaka na anaenda kusikiliza taarifa ya habari kwa jirani, jioni, njia ile ile inayoteleza. Mtungi wa gesi wa kilo sita tulioupeleka mwaka juzi umekaa pembeni ya kabati umefunikwa kitambaa cha kushonwa kwa mkono, umepambwa kabisa. Halafu shangazi akasema kitu kimoja kwa sauti ya chini, kwamba babu wageni wakija siku hizi anajisikia vibaya kwa sababu hana cha kuwapa, anasubiri mpaka mtu amtumie hela ndo anunue hata soda.

Hilo la mwisho tulikaa nalo sana kwenye grupu. Maana tulikuwa tunahangaika na vitu vya kuwapa wao, na mzee wa kichagga aliyekuwa anachinja mbuzi na kugawa nyama kwa mkono wake, kila mtu na kipande chake kwa heshima yake, leo anakaa kwenye kiti anapokea tu, anapokea mifuko, anasema asante, anapokea tena. Mtu anaweza kuwa na kila kitu na bado akaumia kwa kutokuwa na cha kutoa.

Mabishano yalikuwepo, tena makali. Binamu wa Marekani alitaka kununua smatifoni mbili ili tuwe tunaongea nao kwa video. Nia yake ni nzuri na mi namwelewa, yeye hajawaona wazee uso kwa uso muda mrefu, ila smatifoni ilishawahi kupelekwa pale, ikakaa wiki mbili ikahamia kwa kijana wa jirani aliyekuwa anasaidia kuichaji, maana bando hawajui kuweka, vidole vya babu ni vikavu na vigumu vya mtu wa jembe, anagusa kioo hakijibu au kinafungua kitu kingine. Tukakubaliana simu ya video iwe kwa shangazi, yeye anayo tayari, sisi tunamwekea bando kila Jumapili baada ya ibada, anashuka na simu kwa wazee anaishika yeye wao wanaongea. Babu akabaki na kitochi chake cha vitufe ambacho anakijua kwa mkono.

La pili lilikuwa la dawa. Mmoja wetu alitaka kununua boksi la dawa za maumivu za bibi, zile diklofenaki, na vidonge vya vitamini vya nje. Hapa nilikuwa mkali. Dawa za kundi hilo, diklofenaki na aibuprofeni, kwa mtu mzima mwenye presha au kisukari sio mchezo, zinapandisha presha, zinaumiza figo na zinachimba tumbo, na mzee akishapewa boksi na mjukuu wake anayempenda anameza kila siku kwa imani. Dawa sio zawadi ya Krismasi. Kama magoti yanauma, zawadi ni kumpeleka hospitali aonwe, dawa aandikiwe na mtu anayejua na nyingine anazotumia.

Kipimo cha presha tulikinunua, ila kwa masharti. Tulichukua cha kufunga kwenye mkono juu ya kiwiko, hivi vya kufunga kifundo cha mkono vinayumba sana kwenye vipimo, na kabla ya kununua shangazi alipima mzunguko wa mkono wa babu kwa futi ya fundi cherehani ili ule mkanda usije ukambana. Na kipimo hakikukabidhiwa kwa babu, kilikabidhiwa kwa shangazi na daftari, mara mbili kwa wiki, babu akae kwanza dakika tano bila kuongea, mkono umelala mezani usawa wa moyo, asiwe ametoka kunywa kahawa muda huo huo. Bila mpango wa namna hiyo kile kifaa kinakuwa cha kutia hofu, mzee anajipima mara kumi kwa siku, kila akiona 140 kwa 90 anadhani anakufa, na hofu yenyewe inapandisha.

Vitu vyenyewe tulivyoamua sasa, na gharama kubwa haikwenda dukani kabisa, ilikwenda kwa mafundi. Fundi wa kuchomelea wa Himo alitengeneza reli ya bomba kutoka mlango wa nyuma mpaka chooni, bomba la duara linaloshikika vizuri na kiganja, limezikwa kwa zege, na kimo chake alipimiwa babu mwenyewe akisimama, shangazi akatuma namba. Kale kamteremko kakawekewa ngazi nne fupi za mawe na simenti iliyokwaruzwa ili isiteleze. Ndani ya choo, ambacho ni cha kuchutama, tukaweka kiti kile cha chuma chenye tundu kinachokaa juu ya shimo na vishikio viwili ukutani. Taa za sola mbili zinazojiwasha mtu akipita, moja mlangoni moja chooni. Kazi yote ilifanyika wiki ya pili ya Desemba kabla hatujapanda, shangazi akiwa ndo msimamizi, na fundi alilipwa nusu kwanza nusu baada ya picha. Najua kuna watu watasema choo ni zawadi gani ya Krismasi, haifungwi kwenye karatasi la kumetameta. Mi nasema mzee akianguka akavunjika nyonga, hiyo familia nzima mwaka umebadilika, na yeye mwenyewe mara nyingi harudi tena kutembea kama zamani.

Pamoja na hiyo kulikuwa na kachupa ka plastiki ka kukojolea usiku, kale ka hospitali kenye mdomo mpana na kifuniko. Hako alikabeba kaka yetu mkubwa, akampa babu wawili peke yao chumbani usiku wa kwanza, akamwonyesha, akamwambia babu mvua ikinyesha usitoke. Hakikutajwa kwenye grupu la ukoo, hakikuwekwa mezani na zawadi nyingine. Vitu vya mwilini vina faragha yake, nepi za watu wazima, mashuka ya mpira, vyote hivyo, na anayempa awe mtu ambaye mzee haoni aibu naye. Na kwa sababu kuamka mara nne usiku kwa mwanaume wa umri ule inaweza kuwa tezi dume, kaka akapanga naye kwenda hospitali Januari, wao wawili tu.

Kwa bibi, seremala wa Mtoni alimtengenezea kiti cha jikoni. Kina kimo cha sentimita 45, kina mikono miwili imara ya kujisukumia ukiinuka, mgongo mfupi, miguu minne mipana haiyumbi kwenye sakafu ya udongo. Hapo ndo tukaelewa kwa nini gesi ilipambwa kitambaa. Bibi akikaa kwenye kigoda, ule mtungi na plate yake juu unamfika usoni, haoni ndani ya sufuria, kwa hiyo kwake ile gesi ilikuwa haipikiki, na sisi tulikuwa tunasema wazee wanaogopa gesi. Kukaa kwenye kiti cha sentimita 45 mtungi unakuwa usawa wa mkono. Kulikuwa pia na suala la kujaza, mtungi ukiisha nani anaushusha Himo, tukapatana na kijana wa bodaboda anayejulikana na shangazi, anabeba mtupu anarudisha uliojaa, hela tunamtumia sisi. Na dada yangu alikaa naye jikoni akamfundisha kufunga koki kila akimaliza, kunusa, na kwamba akisikia ile harufu asiwashe kiberiti wala taa, afungue mlango atoke. Kuni hazijaondoka na haziwezi kuondoka, mbege, pombe yetu ya ndizi, haipikwi kwa mtungi wa kilo sita, wala sufuria la machalari ya ndizi la watu thelathini. Ila chai ya asubuhi, uji, maji ya kuoga, kupasha mtori, hivyo ndo vilivyokuwa vinamkalisha kwenye moshi kila siku, na hivyo gesi inaviweza.

Viatu niseme kidogo maana watu wengi wanakosea hapo kwa kununua kwa namba. Mtu mwenye kisukari na miguu inayoanza ganzi hajui kiatu kinambana mpaka kidonda kimetoka. Shangazi alimsimamisha bibi kwenye boksi lililokunjuliwa, jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo kama inavyokuwa jioni, akachora kwa kalamu kuzunguka kila mguu, akapima urefu na upana kwa rula akatutumia. Mguu wa kushoto ulikuwa mrefu zaidi na tulinunua kwa kuufuata huo. Viatu vya kufunika vidole, laini, soli ya mpira yenye meno, vya kufunga kwa ule mkanda wa kunata maana kuinama kufunga kamba hawezi. Rangi alichagua binti wa kazi, akasema bibi anapenda zambarau, na kweli, sisi wote hatukujua.

Redio haikuwa na mjadala, ya sola na betri, yenye vitufe vikubwa, na mjukuu mmoja aliweka alama ya rangi ya kucha kwenye stesheni mbili za babu, TBC Taifa kwa ajili ya habari na Radio Sauti ya Injili ya Moshi kwa ajili ya nyimbo na ibada. Bibi naye akawekewa Agano Jipya la kusikiliza kwenye kadi ndogo, redio hiyo hiyo inasoma kadi, kwa sababu anapenda kusoma na macho hayamruhusu. Tulifikiria kumnunulia Biblia ya maandishi makubwa, zipo, ila kabla ya hapo tukasema twende tujue jicho lina nini.

Na hii ya jicho ningeomba watu waisome vizuri. Kila mwaka kuna mtu analeta miwani za kusomea za mtaani, plasi mbili, plasi tatu, bibi anajaribu, anasema asante, anaweka. Miwani hizo zinasaidia macho yaliyochoka kuona karibu kwa sababu ya umri, hilo ni kweli na ni rahisi, lakini ukungu wa jicho ukiwa ni mtoto wa jicho hakuna namba ya miwani itakayouondoa, lenzi yenyewe ya ndani imepata ukungu, dawa yake ni upasuaji wa kuitoa na kuweka ya bandia. Na mwenye kisukari anatakiwa achunguzwe nyuma ya jicho pia, maana sukari inaharibu huko bila maumivu. Kwa hiyo sehemu ya hela tukaitenga kwa ajili ya kliniki ya macho KCMC pale Moshi, na wawili wetu walipanda mapema kabla ya sikukuu wampeleke siku ya kazi, kwa sababu tarehe 25 na 26 utakutana na mapumziko. Gari tulikodi kutoka mlangoni mpaka mlangoni. Jibu lilikuwa mtoto wa jicho, kulia ndo kumekomaa, kushoto kunaanza. Bibi alivyoambiwa inatibika aliuliza mara mbili kama tuna uhakika, maana alikuwa ameshajiambia ndo uzee.

Sasa la babu na kutoa. Tuligawa laki moja kwenye noti za elfu moja, elfu mbili na elfu tano, mpya mpya tulizochukua benki, tukaweka kwenye bahasha, babu akapewa siku mbili kabla ya Krismasi. Kreti mbili za soda na katoni ya maji ziliingia stoo kwake, akapewa yeye, na ufunguo akabaki nao yeye. Mbuzi pia alinunuliwa na sisi lakini babu ndo alikwenda sokoni na kaka kumchagua, akamkagua meno, akapunguziwa bei na mtu anayemjua tangu ujana. Ile hela ya bahasha hatukumtumia kwa simu, na sababu ni kwamba hela ya simu inabidi atoe kwa wakala, kuna makato, na mara nyingi namba ya siri anaijua mtu mwingine anayemsaidia. Krismasi asubuhi baada ya kanisa watoto walipanga foleni kumwamkia, shikamoo babu, shikamoo babu, na kila mmoja akatoka na elfu yake, wageni wakaja wakakaribishwa soda na babu mwenyewe, anamtuma mtu stoo kwa jina. Yule mzee alikuwa ameinua kichwa siku ile. Shangazi alilia kidogo jikoni. Kwa gharama hakuna kitu tulichonunua kilichozidi hicho kwa furaha, na bahati mbaya ndo kitu watu wanakiona kidogo, eti tumempa mzee chenji.

Kulikuwa na wazo moja lililotugawa kweli kweli, la kahawa. Mikahawa ya babu ni ya zamani sana, inapigwa na chulebuni, matunda yanaoza meusi kabla hayajaiva, na kutu ya majani. Mjukuu wa Arusha akapendekeza tumpandishie miche mipya, ile iliyoboreshwa ya TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa iliyopo Lyamungo, inayovumilia magonjwa yote mawili. Wengine wakasema jamani mzee ana miaka 84, mche unaanza kuzaa baada ya miaka kama mitatu, tunampa kitu ambacho huenda asikione. Mi nilisita hapo pia. Ila baba mdogo, mtoto wa mwisho ambaye ndo kihamba kile kitabaki kwake, akasema muulizeni. Babu alipoulizwa hakujibu swali letu, alisimama akaenda kutuonyesha wapi ichimbwe, mstari kwa mstari, akasema huu mgomba utoke, huu ubaki utoe kivuli. Mzee wa kihamba hapandi kwa hesabu ya umri wake, migomba aliyoikuta ilipandwa na baba yake.

Desemba sio wakati mzuri wa kupanda, mvua za vuli zinaisha na jua la Januari na Februari litaukausha mche, kupanda ni masika Machi kwenda Aprili. Lakini mashimo yanachimbwa mapema, sentimita 60 kwa 60 na kina 60, udongo wa juu unawekwa pembeni unachanganywa na samadi unarudishwa, unakaa. Kwa hiyo tarehe 27 vijana wa kiume na wa kike walivua viatu vya mjini wakachimba mashimo arobaini, babu kwenye kiti chini ya mgomba na fimbo anapimia kina, shimo likiwa fupi anagonga analirudisha. Hiyo nguvu kazi ndo ilikuwa zawadi, miche yenyewe ilikuja baadaye. Na fimbo yenyewe, kama tumegusa, ilikuwa ndefu kuliko inavyotakiwa, tukaipima, akisimama wima mikono imening'inia mshikio ufike kwenye kifundo cha mkono, ikakatwa, ikawekwa kimpira chini. Kimpira kile ni elfu kadhaa tu na kinaisha, nunueni viwili.

Sio vyote vilienda vizuri. Taa ya sola ya chooni ilikuwa chini ya mgomba mkubwa, haikupata jua la kutosha, ikawa inazima saa nane usiku, ikabidi ihamishwe kwenye ukingo wa paa. Kadi ya Agano Jipya bibi anaipenda lakini babu anataka taarifa ya habari saa ile ile, kwa hiyo ikabidi redio ya pili ndogo, jambo ambalo mtu yeyote aliyeishi na wanandoa wa muda mrefu angelijua, zawadi ya kutumia wawili kwa wakati mmoja ni ugomvi umeununua mwenyewe. Na mwenzetu mmoja nje ya mchango alimletea bibi sufuria kubwa la kupikia wageni, zuri la gharama. Bibi alishukuru. Lakini mi nasema wazi, mama mwenye magoti yale kumpa sufuria la lita arobaini ni kumpa kazi, hata kama limefungwa riboni. Keki na biskuti boksi tatu pia ziliingia ndani ya nyumba yenye mtu wa kisukari, zikagawiwa watoto siku hiyo hiyo.

Pasaka mmoja wetu alipanda akaangalia kwa macho. Reli ina sehemu imeng'aa kwa kushikwa. Kitambaa cha kushonwa kimetoka kwenye mtungi kimewekwa juu ya redio ya babu. Daftari la presha linajazwa, kuna wiki mbili za Februari ziko tupu shangazi alikuwa anaumwa, na vipimo vya Machi vilivyoandikwa mle ndo vilimfanya daktari abadilishe dozi ya babu. Kaka na babu walienda hospitali, ni tezi, amepewa dawa, anaamka mara moja au mbili siku hizi. Viatu vya zambarau vina matope, nikaambiwa, na hiyo kwangu ni habari njema maana vingekuwa visafi ningejua viko sandukuni.

Jicho la kulia la bibi lilifanyiwa upasuaji mwezi wa pili baada ya sukari kushuka vizuri, aliingia asubuhi akatoka siku hiyo hiyo, matone ya kuweka alisimamiwa na binti kwa ratiba iliyobandikwa ukutani. Kushoto wamesema wasubiri waangalie tena mwezi wa tisa, na mchango wa Desemba hii tumeshakubaliana sehemu kubwa iende huko, pamoja na Biblia ya maandishi makubwa ambayo sasa ina maana kununua. Miche ya kahawa ilipandwa mwisho wa Machi, mitano imekufa, babu ameshamwambia baba mdogo aende Lyamungo akachukue mingine kabla mvua haijakata.